Barua kutoka Honolulu: kuta za matumbawe za Kawaiaha'o

Honolulu, Hawaii, Jumapili usiku

Kwako sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na mama miguu yake imeshapata nafuu. Mimi huku sijambo, Alhamdulillahi. Binti yetu kapokea shahada yake Jumamosi iliyopita. Wenzake walimvika mashada ya maua, wenyewe wanayaita lei, moja juu ya jingine mpaka yakamfika kidevuni. Nililia, sikufichi. Picha nitakutumia kwa simu, lakini haya mengine nimeona niyaandike kwa mkono, maana ujumbe wa simu hautoshi, na najua wewe kitu kizito hukisoma mara mbili.

Kabla sijapanda ndege uliniuliza juu ya ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu fundi wetu. Wanawe wanataka upigwe lipu ya saruji, uonekane mpya, na wewe ndiye uliyekabidhiwa kazi. Nikakwambia nitakujibu nikirudi. Sahibu, jibu nimelipata huku huku, katika ukuta wa kanisa, tena ukuta ambao ungeletwa umefungwa macho ukaugusa ungesema uko Shangani, kwetu Zanzibar.

Kanisa lenyewe linaitwa Kawaiaha'o. Liko katikati ya mji, kando ya Barabara ya King, jirani kabisa na jumba la kifalme la 'Iolani. Tulishuka basi jua la saa nne, nikaona mbele yangu jengo kubwa lenye nguzo nne mlangoni na mnara mfupi mpana juu yake. Umbo la Kizungu, sikuona la ajabu. Ndipo nikasogea ukutani. Nilisimama pale muda mrefu hata binti akaniuliza baba vipi. Nikamwambia njoo uone, haya ni matumbawe.

Ni matumbawe kweli. Kuta zote, kutoka chini mpaka juu, mawe 14,000 hivi yaliyokatwa kwenye mwamba wa bahari ya hapa hapa. Si vipande kama vya kwetu tunavyovipanga na kuvitomea kwa kokoto na chokaa. Yamekatwa kwa pembe, yamepangwa kwa mistari kama matofali, ila tofali lenyewe ni urefu wa mkono wangu na zaidi, na yapo yenye uzito wa karibu kilo 450. Rangi yake imekuwa ya maziwa yaliyochacha, na pale mvua inapochuruzika ni kijivu. Nilichagua jiwe moja kando ya mlango, usawa wa kifua, nikalitazama kama tulivyofundishwa kutazama, kwa jicho kisha kwa kiganja. Lina vijitundu vidogo vidogo vya duara, vimejipanga kama sega la nyuki. Pembeni mwake kuna gamba la chaza, nusu limezama ndani ya jiwe, nusu limejitokeza, ukipitisha kidole unalihisi. Chini kidogo kuna mikwaruzo mitatu ya chuma, imelala upande mmoja. Mtu alipiga pale, akageuza mkono, akapiga tena. Nikaweka vidole vyangu vitatu juu ya ile mikwaruzo.

Mzee mmoja wa hapo kanisani, alipoona nimekawia, akaja tukazungumza, binti akawa mkalimani nilipokwama. Akanieleza mawe yalivyopatikana. Watu walizamia, sahibu. Mita tatu, hadi sita, chini ya maji, pumzi imezuiwa, mkononi shoka butu au msumeno. Wanakata kidogo, wanapanda kuvuta pumzi, wanashuka tena. Jiwe likishaachia linanyanyuliwa, linaletwa ufukweni, kisha linaburutwa mpaka kiwanjani. Mara elfu kumi na nne. Kazi ilianza 1836, kanisa likafunguliwa tarehe 21 Julai 1842. Nilipiga hesabu usiku ule kitandani. Ukitoa Jumapili, ni mawe kama manane kila siku ya Mungu kwa miaka hiyo, na mbao za kutoka msituni juu yake, na kuwasha tanuri.

Maana chokaa nayo walichoma. Matumbawe, kuni, moto, kama pale pwani tulipokuwa tukipanga magogo ya minazi kwa duara na mawe juu yake, tukakesha. Kwa lugha yao neno moja hutaja matumbawe na chokaa pia: puna. Jiwe ni puna, na chokaa inayoliunganisha na jiwe jirani yake ni puna. Nilimfikiria marehemu fundi wetu alivyokuwa akisema jiwe lishikwe na ndugu yake. Hakuwahi kufika hata Mombasa, lakini neno hili angelipenda.

Jina la kanisa nalo nilipenda lilivyo. Hapo zamani palikuwa na chemchemi, na bibi mmoja wa ukoo wa machifu, Ha'o, alikuwa akija kuoga hapo. Ka wai a Ha'o, yaani maji ya Ha'o. Sikiliza ile "a" katikati, inafanya kazi ile ile ya "ya" yetu. Binti ananiambia imesadifu tu, lugha hazina udugu. Sawa, lakini sikio langu lilifurahi.

Sasa nikwambie kilichotangulia, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini nasema ukuta huu ni wao, wenyeji wa visiwa hivi. Wamishenari wa Kimarekani walifika visiwani 1820 kwa jahazi. Mchungaji wao wa Honolulu, Hiram Bingham, ndiye aliyechora ramani ya kanisa hili, akilifananisha na makanisa ya kwao New England. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi na tano kabla ya hapo watu waliabudu katika nyumba za nyasi, nne kwa kufuatana, na ya mwisho ilikuwa kubwa ya kuchukua maelfu ya watu. Nyasi zenyewe zinaitwa pili. Nguzo ni miti migumu ya huko, na kila kiungo kimefungwa kwa kamba, hakuna msumari hata mmoja.

Jumatano binti alinipeleka kwenye Jumba la Makumbusho la Bishop, ambako wameisimamisha nyumba ya nyasi ya zamani ndani ya ukumbi. Nilichuchumaa kutazama fungo. Kamba nyingine ni za usumba wa nazi, sahibu! Zimesokotwa na kukazwa kama zile wanazosokota kina mama wa Jambiani na Paje baada ya kufukia makumbi mchangani. Msingi ni jukwaa la mawe yaliyopangwa makavu, bila udongo wala chokaa, na kila jiwe limekaa kwa uzito wake na kwa akili ya aliyeliweka. Watu waliojua kupanga jiwe hivyo hawakusubiri Mzungu aje kuwafundisha kazi ya mawe. Alileta mchoro na timazi. Mwamba walikuwa wanaujua wao, wapi mgumu, wapi laini, saa ngapi maji yanakupwa.

Na kuna jambo moja ambalo sijalisahau tangu nilisikie. Nyumba ya nyasi ilipokamilika, huacha makusudi fungu la nyasi likining'inia juu ya mlango. Siku ya kuingia anakuja mwenye kuomba dua, anasimama mlangoni, anazikata. Wanasema wanakata kitovu cha nyumba, piko. Kabla ya hapo nyumba inahesabiwa haijazaliwa. Mimi na wewe vitovu vyetu vimezikwa ardhini kwetu na tunaonyeshwa mpaka leo mahali. Wao waliipa na nyumba kitovu. Nilimuuliza yule mzee kama walifanya hivyo kwa kanisa la mawe. Akacheka kidogo, akasema mawe hayana nyasi za kukata, lakini watu walewale waliokatiwa vitovu vya nyumba zao ndio waliozamia.

Bingham hakuliona kanisa limekwisha. Mkewe aliugua, wakarudi Marekani 1840, na aliyekuja kulimalizia ni mchungaji mwingine, Richard Armstrong. Nilisimama kwenye kibao nikasoma majina. Ya wachungaji yapo, ya wafalme yapo. Ya wazamiaji hakuna. Nikakumbuka kanisa la Mkunazini kwetu. Pale napo jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, juu ya soko la watumwa, na ukiuliza nani kajenga unaambiwa Askofu Steere. Kweli alisimamia, na amezikwa humo humo nyuma ya altare. Lakini waliobeba yale matumbawe na kupiga ile chokaa wamebaki katika hadithi moja tu, ile ya nguzo zilizosimamishwa kichwa chini askofu alipokuwa safarini. Kazi yote ile, kuta zote zile, halafu mtu akumbukwe kwa kosa! Hapa nilimwambia mzee kisa hicho, naye akatikisa kichwa.

Tuliingia ndani. Paa ni la kenchi ndefu za mbao, kwa hiyo ukumbi ni mpana, si kama vyumba vyetu ambavyo boriti ya mkoko huamua upana wake. Kuna roshani pande zote, na huko juu zimetundikwa picha za wafalme na machifu wao. Nyuma kuna viti vya wafalme. Kuna fimbo ndefu zenye manyoya kileleni, kahili, alama ya ufalme. Yote mazuri. Lakini mimi nilikwenda dirishani, maana hapo ndipo unaona unene wa ukuta. Nilinyoosha mkono mpaka begani na kiganja hakikufika nje. Na kulikuwa na baridi tamu, baridi ile ya ukumbini kwa bibi saa saba mchana, unayoijua. Nje watu wanatembea wakijipepea.

Hapo hapo, tarehe 31 Julai 1843, mfalme wao Kamehameha wa Tatu alikuja kushukuru. Miezi mitano kabla, nahodha mmoja Mwingereza alikuwa amewanyang'anya nchi kwa nguvu za manowari. Mkubwa wake, Admirali Thomas, alipokuja akairudisha, na mfalme akasema maneno ambayo leo ndiyo kaulimbiu ya jimbo la Hawaii: Ua mau ke ea o ka 'āina i ka pono. Yaani uhai wa nchi hudumu katika uadilifu. Mzee alinieleza kwamba lile neno ea ni pumzi, na ni uhai, na ni kujitawala, yote kwa pamoja. Nikawaza juu ya pumzi ya wale wazamiaji. Kanisa lilikuwa limetimiza mwaka mmoja tu na siku kumi juu.

Nje uani kuna kaburi la mfalme mwingine, Lunalilo, aliyefariki 1874. Hakutaka kulazwa kwenye makaburi ya wafalme, alitaka awe hapa karibu na watu wake. Tulisoma fatiha kimya kimya kwa wote waliolala pale, hatukujua desturi nyingine.

Leo Jumapili tukarudi. Tulikaa nyuma kabisa, sisi si watu wa ibada yao, lakini walitupokea kwa heshima. Waliimba kwa Kihawai. Sauti ikipiga ukuta wa matumbawe hairudi kwa ukali, inanyonywa nusu na kurudishwa nusu, laini. Umeshasikia maulidi ndani ya msikiti wa zamani na ndani ya ukumbi wa saruji, tofauti unaijua.

Wana kanisa jingine, Kailua, kwenye kile kisiwa kikubwa chenye milima ya moto. Linaitwa Moku'aikaua, lilikamilika 1837. Huko mawe ni meusi, ya volkano, lakini kilichoyashika ni chokaa ya matumbawe, na boriti ni za mti wao mgumu, 'ōhi'a, zimeunganishwa kwa vigingi vya mti huo huo. Sikufika, nauli ilinishinda muda na fedha. Nimeona picha tu. Ukitazama ule mstari mweupe kati ya mawe meusi unaona kama mishono.

Basi, turudi kwenye ukuta wetu.

Usipige saruji. Nakuomba, na hapa nasema kama mtu tuliyebeba naye karai moja. Unakumbuka ile nyumba ya mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, mwaka ule mvua za masika zilipochelewa kuisha? Mwenye nyumba alitaka saruji, sisi vijana, tukakubali kwa sababu alilipa nusu mapema. Tukaupiga ukuta lipu ukawa kama kioo. Mwaka wa kwanza ulisifiwa. Mwaka wa pili ukaanza kutoa jasho kwa ndani, chumvi ikatoka nyeupe kama unga. Mwaka wa nne tulipogonga kwa nyundo ulilia kama debe, na lipu ilipodondoka ilishuka na uso wa jiwe. Nyuma yake chokaa ya zamani imekuwa tope. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji na unayatoa, mchana na usiku, masika na kiangazi. Chokaa inayaacha yapite. Saruji inayafungia ndani, na maji yaliyofungiwa hula ukuta kutoka moyoni. Fundi wetu alikuja akatazama, hakutugombeza hata neno. Aliokota kipande, akakivunja kwa kidole gumba, akatupa kila mmoja nusu. Changu ninacho mpaka leo kwenye mkebe wa misumari.

Na nyumba yenyewe ni yake, sahibu. Kuta zile alizijenga na babake. Tukienda kuzifungia pumzi sisi wanafunzi wake, tutamweleza nini?

Wanawe nawaelewa. Saruji inauzwa kila duka, inakauka kesho. Chokaa inataka kuzimwa, ilale shimoni miezi, ipepetwe, ipigwe tabaka nyembamba tatu na kila moja isubiriwe. Na wao wanaogopa, tangu lile jumba la kale la Beit al-Ajaib lilipoporomoka siku ya Krismasi 2020 na watu wawili wakafa, kila mwenye nyumba kuukuu Mji Mkongwe halali vizuri. Hofu yao ni ya haki. Lakini waambie taratibu kwamba ukuta ule wa nyuma haujachoka kwa sababu ni wa chokaa. Umechoka kwa sababu mfereji wa paa umepasuka tangu mama yao akiwa hai, na maji yanaangukia pembe ile ile kila masika. Anza na mfereji. Hilo ni la siku mbili na halina gharama.

Wala simaanishi twende tukakate mwamba ulio hai kama walivyofanya hawa zamani, na kama babu zetu walivyofanya kwa mihirabu na milango. Ule ni wa samaki, na sheria imekataza, na ni vyema. Mawe ya nchi kavu yanatosha kwa kutomea, na mengi yako pale pale uani, yale ya jiko lililovunjwa. Yakague, yaoshwe chumvi kwa maji ya mvua.

Kwa hiyo fanya hivi kabla sijafika. Mwambie yule kijana wa chokaa atuletee magunia kumi na mawili sasa hivi, uyazime kwenye lile shimo la nyuma, maji yasimame juu ya chokaa kiganja kizima, na ufunike kwa makuti mtoto asije akatumbukia. Ikilala mpaka kipupwe kiishe itakuwa kama siagi. Bandua ile saruji iliyopigwa chini ya dirisha na yule fundi aliyetangulia, lakini kwa tindo ndogo na mkono mwepesi, usitumie mashine. Ukifika kwenye jiwe acha, liache lipate upepo. Gharama ya chokaa nusu nitatoa mimi, usiwaambie wanawe, waambie umepata bei nzuri.

Nami nakuletea kitu. Yule mzee alipoona navyotazama lile jiwe aliinama chini ya ukuta, akaokota kijipande kilichokatika chenyewe, hakifiki hata ukubwa wa kokwa ya embe, akanitia mkononi. Nimekifunga kwenye leso. Nataka tukitie ndani ya ukuta wa fundi, pale pembeni chini ya mfereji, kabla ya tabaka la mwisho.

Msalimie mama sana, mwambie binti yake wa huku anakuja na mimi, na anataka pweza wa nazi. Ndege yetu inafika Jumanne ya mwezi ujao, alfajiri. Usije uwanja wa ndege, tukutane shimoni kwenye chokaa.

Wasalaam,

Ni mimi sahibu yako